Mama mkwe amenisafishia bustani, sasa sijui nilime kwa mtindo gani

Mpendwa Mshauri,

Salamu kutoka Ruai. Huwa nasoma safu hii na kuona watu wakileta mambo mazito ya ndoa na mirathi, nikaona haya kuleta langu la mboga. Lakini limeninyima raha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa hivyo naomba univumilie.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ni mhasibu katika sacco moja hapa mjini. Tulihamia Ruai mwaka jana baada ya kupanga Umoja kwa miaka mingi. Ploti yetu ni futi 40 kwa 80. Ukitoa nyumba, tanki na mahali pa kuegesha gari, nyuma kumebaki kipande ambacho mume wangu aliniambia, "Hapo ni pako, fanya utakavyo." Nilifurahi kuliko siku tuliyopata hatimiliki.

Mapenzi ya bustani yalinianza wakati wa korona, mwaka wa 2020, serikali ilipokuwa ikihimiza watu wapande mboga nyumbani. Nilipanda dania na vitunguu vya majani katika ndoo za rangi hapo balkonini Umoja. Tangu hapo watoto wakishalala mimi huwa kwenye simu natazama watu wakilima. Mtindo ulioniteka ni ule alioutangaza Mmarekani Mel Bartholomew mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unatengeneza kitanda cha futi nne kwa nne, unakigawa kwa kamba kiwe miraba 16, na kila mraba unapewa mboga yake. Mraba wa sukuma mche mmoja, wa spinachi minne, wa karoti kumi na sita. Mimi ni mtu wa hesabu, nadhani unaelewa kwa nini nilipenda.

Udongo wetu huku ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unakuvua viatu, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sikutaka kupigana nao. Fundi alinitengenezea vitanda vinne vya mabanzi, nikanunua udongo mwekundu lori moja, nikachanganya na samadi ya ng'ombe na mboji, juu nikatandaza maboksi na nyasi kavu. Sichimbi. Nikirudi saa mbili usiku nilikuwa nikizunguka na tochi ya simu kuangalia nini kimechipuka, hata kabla sijavua viatu.

Mama mkwe alikuja Januari kutoka Vihiga kutibiwa goti, akabaki, nami nilimkaribisha kwa moyo mweupe. Hatujawahi kukosana. Halafu Ijumaa moja ya Aprili nikafika nyumbani nikapokewa na harufu ya moshi. Nyasi zote za vitanda viwili zilikuwa zimekusanywa pembeni na kuchomwa. Kamba zangu za miraba zilikuwa zimefungia kuni. Letisi na bitiruti zilizokuwa ndio zinaanza zilikuwa zimepinduliwa kwa jembe pamoja na udongo, na juu yake mama alikuwa ameshamwaga mbegu za saga, mrenda na mchicha, na kunde kando kando. Alikuwa amesimama hapo na matope hadi kwenye viwiko, amefurahi kweli. "Mwanangu, nimekusafishia. Takataka zilikuwa zimejaa humu, nyoka angeingia." Nikasema, "Asante, mama." Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia mfereji, nikalia.

Mume wangu alicheka tu. "Mboga ni mboga," akasema. Baadaye akaja na wazo lake. Kuna kijana anauza mabomba ya kupandia mboga bila udongo, yana pampu na mbolea ya maji. Anasema tukinunua hayo hakutakuwa na udongo wa kugombania. Bei inakaribia karo ya muhula mzima. Rafiki yangu wa chama anayeishi Kayole naye anasema niachane na vitanda, nipande kwenye magunia kama yeye.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Mwezi wa Mei tulikula mboga za mama jioni baada ya jioni, watoto wakiongeza, na majirani wakaja kuomba. Vitanda vyangu viwili vilivyobaki vilikuwa na sukuma fupi zilizotobolewa na konokono. Lakini Julai za mama zilitoa mbegu zikakauka, na sukuma zangu ndipo zikashika kasi. Kwa hivyo kila mtu hapa nyumbani ana ushahidi wake. Maji ya mfereji tunayapata mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua ya kisima cha jirani, ambayo yana chumvichumvi.

Sasa mama anasema mvua za Oktoba zikikaribia atanimalizia na vile vitanda viwili. Sina uso wa kumkataza. Naomba uniambie, ni mtindo upi wa bustani unaonifaa? Nikishajua, nitazungumza naye nikiwa na kitu mkononi. Au mimi ni mbinafsi, kung'ang'ania vitanda vya mboga na mzazi?

Ni mimi,
Mwenye Vitanda, Ruai

N.B. Sukuma zimejaa vidukari. Mama anasema nimwage majivu, mume anasema ninunue dawa. Nifuate lipi?

*

Mpendwa Mwenye Vitanda,

Usione haya. Barua za mirathi ninazopokea mara nyingi zilianza na kitu kidogo kuliko kitanda cha futi nne ambacho mtu mmoja alikiona mali na mwingine akakiona kichaka.

Nikikusoma vizuri, umeniletea mambo mawili. La kwanza ni la kilimo: una mitindo minne mbele yako, miraba na matandazo, mbegu za kumwaga za mama, mabomba ya mume, magunia ya rafiki, na unataka kujua upi ni wako. La pili ni kwamba uliambiwa "hapo ni pako", ukaamini, kisha jioni moja ukapata hapakuwa pako sana. Unaniomba nijibu la kwanza ili likusaidie kumaliza la pili. Hapo ndipo nasita. Tuseme nimekuandikia hapa kwamba miraba ndiyo bora kuliko zote. Utaingia jikoni na gazeti, umwambie mama mzaa chema kwamba umethibitishiwa? Atasema "sawa, mwanangu", na baada ya hapo hatakanyaga nyuma ya nyumba. Sijui kama huo ndio ushindi unaoutaka.

Kwa hivyo nitakujibu yote mawili, lakini kila moja peke yake.

Nianze na ile Ijumaa. Umeieleza kama mtu aliyeharibiwa kazi na asiyejua anachokiharibu, na kwa upande wa maumivu uko sahihi: mboga zako zilikuwa hai, na hukuulizwa. Lakini nikuulize, umewahi kuzishika mbegu za saga au za mrenda? Ni ndogo mno. Ukizimwaga juu ya nyasi nene na maboksi, nyingi hazitaufikia udongo, na zitakazochipua chini ya nyasi hazitakuwa na nguvu ya kutokeza. Yeyote anayepanda mboga hizi husafisha kwanza, akalainisha udongo ukawa tifutifu, ndipo akamwaga. Kwa hiyo kwa alichokuwa anataka kupanda, mama alifanya kazi sawasawa. Tena Vihiga mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mtu aliyelima huko maisha yake yote hana sababu ya kuona nyasi kavu juu ya kitanda kama kitu cha thamani. Ni wewe wa Ruai, unayekaa tangu Juni hadi Oktoba ukitazama mbingu, na tena Januari na Februari, unayejua kwamba nyasi hizo ni maji yaliyowekwa akiba. Kuzichoma ndiko kulikokuwa hasara, maana zingeoza zikawa udongo. Je, kuna mtu aliyewahi kumweleza zilikuwa za nini? Siulizi kwa kukulaumu. Nauliza kwa sababu unarudi saa mbili usiku, yeye anashinda hapo mchana kutwa akizitazama, na huenda swali lake halikupata mtu wa kulijibu.

Jambo la pili ninalotaka tulipekue ni huu ushahidi wa Mei na Julai. Wakati wa masika karibu kila mtindo huonekana mzuri. Na mboga zenu hazikuwa zikifanya kazi moja. Mchicha na saga huanza kuchumwa baada ya wiki nne hivi, hukupa kwa haraka, zikatoa maua zikamaliza. Sukuma huchukua kama miezi miwili tangu kuhamishwa hadi uanze kuchuma vizuri, lakini ukiihudumia utachuma kwa miezi mingi. Kwa hiyo aliyekula Mei hakumshinda aliyekula Julai. Mlikula Mei na mkala Julai! Nyumba ngapi za Ruai zinaweza kusema hivyo bila kupita kwa mama mboga?

Sasa mtindo. Watu huuchagua kwa macho, kwa picha iliyowapendeza, nami silaumu, bustani isiyokupendeza hutaihudumia. Ila kuna mambo ambayo picha haionyeshi: maji yako, udongo wako, sufuria yako, na ni nani aliyepo nyumbani saa nne asubuhi.

Miraba inakufaa kwa mengi. Eneo ni dogo, hakuna kuchimba, magugu ni machache, na unajua hesabu ya kila mche. Lakini mtindo huo unataka jicho la karibu: mraba ukishavunwa upandwe tena, mche ukidhoofika ubadilishwe. Jicho la saa mbili usiku kwa tochi ya simu linaona nusu tu. Halafu kitanda kilichoinuliwa hukauka upesi kuliko ardhi, hilo ndilo deni lake. Aprili kinakuokoa na tope, Agosti kinakudai maji karibu kila siku. Konokono nao hupenda kujificha chini ya matandazo mvua zikizidi, na maboksi huita mchwa, kwa hiyo miezi hiyo heri upunguze nyasi na kuzisogeza mbali na mashina. Kumbuka pia Bartholomew hakujaza vitanda vyake udongo mwekundu wa lori. Mchanganyiko wake ulikuwa wa mboji na vitu vinavyonunuliwa madukani kwao, vyepesi na vya kushika maji. Wa kwako utashuka na kugandamana usipoongeza mboji kila msimu. Yaani hata sasa hulimi kwa mtindo wake kamili. Umeshaanza kutengeneza wako, sijui kama umeliona hilo.

Mtindo wa mama una faida ambazo nadhani umezipita haraka kwa sababu ya uchungu. Mbegu anazihifadhi mwenyewe, hanunui. Zinaota upesi. Watoto wanazila na kuongeza, na mama yeyote wa Nairobi anajua hilo si dogo. Na ukiangalia vizuri, kunde kando na saga katikati ni kuchanganya mimea mahali pamoja, jambo lile lile unalolifanya kwa kamba na miraba. Kunde hata huongeza naitrojeni kwenye udongo. Hasara yake ni palizi, ni udongo kubaki uchi juani, na ni ule ukame wa Julai uliouona mwenyewe. Ningejiuliza pia kama mboga zake zinahitaji kabisa kuwa ndani ya vitanda vyako. Kunde na mrenda zinaweza kujaribiwa chini, kwenye ule udongo mweusi, zikipandwa juu ya matuta ili zisizame, na udongo ukilimwa siku zile chache ambazo haujawa tope wala haujawa jiwe. Ukikosea siku hizo, jembe litakurudishia jibu.

Kuhusu mabomba nitasema machache. Si utapeli, watu wanavuna letisi nzuri kwayo. Lakini mbolea yake huyeyushwa kwenye maji, na maji yaliyokuja tayari na chumvi hukuharibia hesabu kabla hujaanza. Stima ikipotea mchana na pampu ikasimama, mizizi inayotegemea maji yanayopita inaweza kukauka kwa saa chache tu, na wewe uko mjini. Aliyeko nyumbani ni mama. Je, mumeo amemuuliza kama angependa kulinda pampu? Nahisi, na unisahihishe nikikosea, kwamba shemeji yangu huyu ameona ni rahisi kununua mtambo kuliko kuzungumza na mamake. Wanaume wengi wangefanya hivyo hivyo, na baadhi yao wana gereji nzima ya ushahidi.

Magunia yamelisha watu wengi mjini hapa. Kibera yalienea sana baada ya ghasia za 2007 na 2008, chakula kilipokuwa ghali na ardhi haipo. Unajaza gunia udongo na samadi, unasimamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hadi chini, unatoboa ubavuni na kupenyeza miche. Kwa rafiki yako wa Kayole, asiye na ardhi, hilo ni jambo la busara. Wewe ardhi unayo. Kwako gunia moja au mawili karibu na mlango wa jikoni yangeweza kubeba sukuma za kila siku, yakuachie vitanda kwa majaribio yako. Hatari ni ile ile ya chumvi: kwenye chombo kidogo inarundikana upesi. Ukiona kingo za majani zinaungua na utando mweupe juu ya udongo, ni yenyewe, na dawa yake ni kumwagilia maji matamu mengi hadi yatoke chini.

Ndiyo maana mimi ningeanza na maji kabla ya mtindo. Paa lako lina mfereji wa kukinga mvua? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 10 usiku mmoja, ni karibu lita 800, ukitoa zinazopotea njiani. Hayo hayana chumvi. Ya kisima yabaki ya kufulia na kupiga deki, ya mvua na ya mfereji yaende kwa mboga. Fedha za mabomba zikigeuzwa gata na tanki la pili, mitindo yote mitatu iliyobaki inanufaika, hata wa mama.

Kuna kitu umekitaja na kukipita: goti. Mama alikuja Nairobi kwa sababu ya goti, kisha akainama na jembe siku nzima. Vitanda vyako vina kimo gani? Kitanda kilichoinuliwa hadi kiunoni, au hata magotini na kigoda pembeni, ni cha mtu asiyeweza kuinama. Inawezekana kabisa kwamba mtindo wako unamfaa mama kuliko unavyokufaa wewe, na zile mbegu zake za kumwaga, ambazo hazidai jicho la kila siku, zikamfaa mtu anayeondoka alfajiri. Sijasema mbadilishane. Nimesema tu huenda mstari kati yenu haupo pale mlipouchora.

Sasa lile la pili. Ulipoolewa, ukaenda Vihiga Desemba, ulilima wapi, na kwa mtindo wa nani? Nadhani ulishika jembe ulilopewa, ukapanda kama mama alivyokuonyesha, na hakuna aliyeona ajabu. Yawezekana kwake desturi haijabadilika kwa sababu ya kupanda basi. Au yawezekana anaijua vizuri nyumba ni yako, na alichotaka ni kulipa fadhila kwa mkono anaoujua. Mimi sipo hapo, wewe ndiwe unayeweza kumsoma.

Njia ni kadhaa. Unaweza kumwambia mwenyewe. Nikiwa wewe singeanza na vitanda vilivyobaki wala na ushahidi, ningeanza na mbegu: anioneshe anavyozichagua, anavyojua zimekomaa, mrenda anaupikaje usimkwaze mtu kwa utelezi. Mtu akishaulizwa anachokijua, masikio yake hufunguka kwa asichokijua. Hapo ndipo ningemwambia zile nyasi zilikuwa za nini, na kwamba siku ile niliumia. Ndiyo, hilo nalo. "Asante, mama" uliyoitoa ilikuwa ya adabu, lakini ndiyo inayomfanya leo aahidi kukumalizia vitanda viwili. Kwa anavyojua yeye, ulifurahi. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kujisikia mgeni aliyekosea nyumba, na mama wa shamba asiye na shamba, nyuma ya geti la Ruai kutwa, hana mengi ya kushika.

Mumeo anaweza kumwambia. Mwana humwambia mamake mambo ambayo yakitoka kwa mkaza mwana yanauma. Lakini lazima kwanza yeye mwenyewe aache kucheka, aelewe kwamba ile "hapo ni pako" ilikuwa ahadi, na kwamba kitanda kilipopinduliwa ni neno lake lililopinduliwa pia. Na mama akigundua kwamba ulimtuma mwanawe, je, hatajiuliza kwa nini hukuja wewe mnayeelewana?

Au unaweza kunyamaza na kufanya kwa vitendo: umtengenezee mama sehemu yake kabla ya Oktoba, na mbegu zake zihamie huko bila maneno. Wengi huchagua hivi, na wakati mwingine inafaa. Wakati mwingine kile kilichonyamaziwa hutokea jikoni, kwenye chumvi ya mboga au malezi ya watoto, na hapo hakuna anayekumbuka kilianzia wapi.

Kama mngependa kujaribu jambo dogo kabla ya kuamua makubwa, chukueni kitanda kimoja tu. Nusu yake ondoeni nyasi, mama amwage mbegu zake, miche ikifika kimo cha kidole rudisheni nyasi katikati yake, nyepesi. Nusu nyingine ibaki ya miraba yako. Muiangalie Januari, jua likiwa kali, si Novemba.

Umeuliza kama wewe ni mbinafsi. Mtu anayetoa siku yake yote kwa ofisi na jioni yake kwa watoto, akataka kipande ambacho anakipanga yeye, mimi sioni ubinafsi hapo. Ila najiuliza kama mama naye, aliyeacha mashamba yake akaja kuishi kwa ratiba ya kliniki, hakuwa akitafuta kitu hicho hicho siku ile. Ukiona ninavyoona, huenda mazungumzo yenu yakawa mepesi. Usipoona hivyo, bado una haki ya kusema "niulizwe kwanza".

Na vidukari. Mama ana hoja. Majivu yakipakwa kidogo juu ya majani makavu hupunguza, lakini mvua au maji ya kumwagilia yanayaondoa, na yakizidi hubadilisha udongo, ambao kwako tayari unapokea maji ya chumvi. Anza kwa kung'oa majani yaliyojaa sana, kisha piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, ndiko wanakokaa. Wakirudi, nyunyiza jioni maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya kawaida kwa lita moja, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Ukiona wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi usiwaue, wanawala vidukari. Dawa ya dukani ina siku za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye chupa, na ninyi mnaochuma jioni kwa jioni mtapata taabu kuzitimiza. Na majivu yawe ya kuni tu. Yale ya pale pembeni, kama kwenye moto ule kuliingia plastiki au maboksi yenye gundi na rangi, msiyapeleke kwenye mboga.